Bata bandia wa kujaza upepo: nimewajaribu lambo la Mariakani, mrejesho huu hapa

LenziYaMvita
Jumapili, saa 2:40 usiku

Assalam aleikum, na habari za jioni jamani. Uzi huu niliuahidi tangu mwezi uliopita na leo nimekaa kuuandika. Ni mrefu, tilieni chai.

Kwanza niseme mapema: mimi siwindi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeshikilia hapohapo kuhusu uwindaji wa burudani. Mimi napiga picha za ndege. Lakini vifaa hivi, vya kuwavuta bata hai washuke karibu, hutumiwa sana na wawindaji wa bata wa Marekani, na ujuzi wa kuvitumia ni wao, kwa hiyo nitawataja sana.

Shida yangu ni umbali. Bata wa mwituni si yangeyange, ambaye utamkuta jaani na humjali wala hakujali. Lenzi yangu ni ya milimita 300. Bata akiwa mita 80 anatoka kidoa tu. Ukimsogelea, karuka. Na ukimrusha mara tatu asubuhi moja umemnyima mapumziko yake, jambo ambalo silipendi hata kama picha ingetoka nzuri. Kwa hiyo nikawaza: badala ya mimi kumfuata, aje yeye.

Shemeji yangu yuko Baltimore, alipokuja likizo akaniletea dazeni moja. Bata bandia wa kawaida wa plastiki ngumu, pamoja na mkuku wake (ule uti wa chini ya tumbo) na nanga, dazeni hufika kilo 10 na hujaza gunia. Mimi sina gari. Natoka Tudor, Mombasa, kwa matatu, kisha bodaboda. Hawa wa upepo niliwatia kwenye mizani ya muuza viazi Kongowea: wote 12 na mfuko wao, kilo 1 na robo. Wakikunjwa wanaingia kwenye mkoba wa kamera, chini ya koti la mvua.

Wako wa aina mbili. Wanane wana kizibo, unapuliza kama yale matyubu ya watoto pale ufuo wa Pirates. Wanne hawana kizibo kabisa: chini wako wazi, mdomo wa tundu umezungushiwa pete nzito. Unamwangusha majini wima, hewa inanaswa ndani, na bata anasimama mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoona hilo ndani ya ndoo nyumbani nilimwita mke wangu aje aone.

Sasa safari yenyewe. Lambo liko bara ya Mariakani, kilomita 35 hivi kutoka kisiwani halafu bodaboda dakika ishirini. Jina silitaji, mwenye shamba ameniomba. Vuli ililijaza vizuri. Wengi wanaoshuka pale ni wale bata wa uso mweupe wanaopiga mluzi, Dendrocygna viduata. Wachache ni wageni wa kaskazi, vibata vidogo, Spatula querquedula, dume ana mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi iliyopakwa chokaa. Hawa hutoka Ulaya na Asia, wanakaa huku mpaka Machi au Aprili, kisha hao kwao.

Saa kumi na moja alfajiri niko ukingoni na tochi kichwani. Nikapuliza wanane kwa mdomo. Nikawatia majini, nikaingia kwenye kibanda changu cha makuti. Robo saa haijapita, bata wamenywea, shingo zimelala. Sababu ni kwamba pumzi ya mtu ni ya moto, maji ya alfajiri ni baridi, hewa ndani inasinyaa. Nikatoka, nikawaongeza upepo mpaka wakawa wagumu kama mpira. Nikadhani nimemaliza. Saa nne jua limepanda, hewa ileile ikavimba, mmoja mshono wa kifuani ukaachia. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, kisha bata akalala ubavu.

Upepo nao. Alfajiri ni umande tu, ule upepo mwepesi wa kutoka bara, maji kimya, walionekana bata hasa. Kaskazi ilipoanza kushika, wakawa wanateleza huku na huku, na watatu wakapinduka matumbo juu kama samaki waliokufa. Wale wa pete, kila wimbi likiinua upande mmoja hewa inatoka kidogo. Wawili walizama. Nisingewafunga kamba ningewaacha humo.

Na kung'aa. Plastiki laini ikiloa na jua likiwa chini, inameta kama sufuria. Kundi la bata kama 15 lilikuja, likazunguka mara mbili, likapiga mluzi, likaenda kushuka ng'ambo, mita 120. Sikupiga hata picha moja ya maana.

Lakini jambo lililonikaa zaidi ni mtoto wa malisho, wa miaka kumi hivi, aliyefika na mbuzi wake. Akaangalia bata wangu kwa muda, akaniuliza, "Mjomba, mbona bata wako wanaangalia huku? Upepo si unatoka kule?" Nilikuwa nimewafunga kamba kwenye kishikizo cha nyuma. Ndege wote wa maji wakitulia huuelekeza uso kwenye upepo, manyoya yasivurugwe. Wangu walikuwa wamegeuka wote, dazeni nzima. Nikatoa kamba nyuma nikafunga kifuani, wakageuka mara moja. Yule mtoto akakaa nami mpaka saa tano.

Picha za vifaa nimeweka chini. Mwenye ujuzi aniambie nifanyeje, maana sijakata tamaa.

---

MwanaBusia_Changamwe
Jumapili, saa 3:15 usiku

Kaka, umenirudisha utotoni. Kwetu Busia babu alikuwa mtegaji wa kware. Alikuwa na mlingoti mrefu nyuma ya nyumba, na kwenye mlingoti ametundika vikapu vidogo, kila kikapu kware mmoja hai. Alfajiri wale wa vikapuni wanalia, na wa porini wanaopita wanasikia wenzao wanashuka kwenye nyasi zilizo chini, penye mitego.

Sasa angalia: wale kware wa porini hawakuwa wanaona chochote. Giza. Walikuwa wanasikia. Wewe umewapelekea bata wako kitu cha macho peke yake, tena umewaita ndege ambao jina lao lenyewe ni mluzi. Jifunze mluzi wao.

---

AmiBaharia
Jumapili, saa 4:05 usiku

Mwanangu LenziYaMvita, nimesoma yote. Mimi miaka yangu ya melini nimefunga Baltimore mara nyingi, na mara moja meli ilipokaa matengenezo nilipelekwa na mwenyeji wangu Havre de Grace, pale Mto Susquehanna unapoingia ghuba ya Chesapeake. Mji ule hujiita makao makuu ya bata bandia duniani, na una jumba la makumbusho la bata hao tu. Wa mwerezi, wazito, rangi imechakaa kwa chumvi. Watu huwanunua siku hizi kama vito: 2007 bata mmoja na bata bukini mmoja waliochongwa na A. Elmer Crowell waliuzwa kila mmoja zaidi ya dola milioni 1.

Nilichokiona pale ni hiki: kila bata, hata mdogo, chini ana mkuku, na kwenye mkuku kuna uzito. Chombo ni chombo. Jahazi likitoka tupu bila farumi, yaani uzito wa chini wa kulituliza, hata Likoni halifiki salama. Bata wako hana farumi, ndiyo maana kaskazi inamchezea. Mtafutie farumi.

Lakini usitie chubwi za risasi, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi. Bata huokota vijiwe vya matopeni ili kusagia chakula tumboni, na kipande kidogo cha risasi kikiingia humo humuua polepole. Marekani walikataza marisau ya risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991 kwa sababu hiyo. Chubwi ikikatika lambo lile la watu, imebaki humo.

Na huyo mwenzetu wa Busia amesema kweli. Wamarekani nao walikuwa wakifunga bata hai miguu na kuwaweka majini wawaite wenzao. Bata wa mwituni wengi mno waliuawa kwa namna hiyo, mpaka serikali yao ikapiga marufuku bata hai wa kuitia mwaka 1935.

Kitu kimoja tena. Usidhani wepesi ni jambo jipya. Kule Nevada kuna pango linaitwa Lovelock, mwaka 1924 walifukua bata bandia 11 waliosukwa kwa mafunjo, wengine wamepakwa rangi na kubandikwa manyoya ya bata kweli. Wana zaidi ya miaka 2000. Wenyeji wa pale waliwasuka, wakawatunza kwenye shimo ndani ya pango, na wamedumu. Mafunjo ni mepesi na hayameti.

---

MkulimaMtwapa
Jumapili, saa 4:30 usiku

Nauliza kidogo kando. Mimi nafuga bata wa kawaida na nina kidimbwi. Nikiwaweka hawa wa upepo, wale wa mwituni watashuka kwangu? Naona ingependeza.

---

BintiKisauni
Jumapili, saa 4:52 usiku

@MkulimaMtwapa dada yangu, nakuomba usifanye. Bata wa mwituni wanaweza kubeba mafua ya ndege bila kuonekana wagonjwa, na wafugwao wakichanganyika nao maji mamoja ndipo yanapoingia bandani. Waache wapite juu.

@LenziYaMvita nimefurahi sana kuona mtu anafikiria jambo hili kwa upole kwa ndege. Mimi hushiriki hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari, nimekaa na darubini Sabaki na Mida hadi mgongo ukaniuma, na hao wa uso mweupe nawajua. Naomba nikusahihishe jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa.

Hao wa uso mweupe hula usiku zaidi. Mchana wanapumzika. Na wanapumzika wapi? Hawakai katikati ya maji wakielea. Wanasimama ukingoni, kwenye tope au nyasi fupi, wamebanana, shingo juu, mmoja mmoja amelala kwa mguu mmoja. Wewe umewawekea asubuhi kundi la bata wanaoelea katikati ya lambo, wenye maumbo ya bata wa Ulaya, dume kichwa kijani, ambaye huku kwetu porini hayupo. Wakazunguka, wakaona hakuna kundi lao linalopumzika, wakaenda kwenye ukingo waliouzoea.

Wale vibata wadogo wageni ni tofauti. Wao huelea na kuchovya, na hawachagui sana jirani, utawakuta wamechanganyika na bata wa kila aina. Hao ndio unaweza kuwavuta kwa wanaoelea. Lakini wa mluzi, watoe bata wako majini.

---

FundiMatyubu
Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

Habari zenu. Mimi ni fundi, natengeneza matyubu na mabwawa ya watoto ya kujaza upepo hapa ufuoni. Bro usije ukambandika bata wako kiraka cha baiskeli na solusheni ya tairi. Ile ni ya mpira. Hii ni plastiki, solusheni haishiki, itakaa siku mbili ikilowa inabanduka yote. Unataka gundi ya plastiki laini, ile inayouzwa na mabwawa ya watoto, na kiraka kikatwe kwenye plastiki ya aina hiyohiyo. Kata duara, usikate pembe, pembe ndiyo inayoanza kunyanyuka. Safisha kwa spiriti, paka pande zote mbili, subiri inate, bandika, weka kitabu kizito usiku mzima.

Mshono ni kazi nyingine. Mshono ukiachia usibandike juu yake tu, weka ukanda unaovuka pande mbili. Na upepo usijaze hadi mwisho. Sisi tyubu ikikaa juani tunaiachia pumzi kidogo kila saa. Jaza mpaka kidole kikibonyeza kinazama nusu.

Ukipita Pirates uliza fundi wa matyubu karibu na wauza viazi karai, nitakutengenezea huyo aliyepasuka.

---

LenziYaMvita
Jumatatu, saa 2:00 usiku

Jamani, asanteni. Ami, hilo neno farumi limenikaa kichwani siku nzima. Fundi, nakuja Jumatano in shaa Allah. BintiKisauni, dada, nimesoma ujumbe wako mara nne. Nitajaribu mambo mawili kwa safari mbili tofauti, nisichanganye nikakosa kujua lipi limefanya kazi. Kwanza farumi kwa wanaoelea. Kisha ukingoni.

Kuhusu rangi: nilijaribu rangi ya kupulizia ya kopo ili niue mng'aro. Ikakauka vizuri, nikamkunja bata, ikapasukapasuka ikadondoka kama magamba. Kwa hiyo hilo tusahau.

---

LenziYaMvita
Baada ya siku 13, Jumapili, saa 3:00 usiku

Safari ya pili. Farumi nimeipata.

Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vya shubiri moja, nikafunga ncha moja kwa kamba. Nikavibeba vitupu, vyote kumi na mbili havijai kiganja. Kule lamboni nikavijaza mchanga, nikafunga ncha ya pili, nikavibana chini ya tumbo la kila bata kwa mikanda ya mpira niliyoikata kwenye tyubu hiyohiyo. Mchanga gramu 150 au 200 kwa kila mmoja, nimekadiria kwa mkono. Uzuri wake ni kwamba uzito hausafiri. Mchanga upo kila mahali, unaumwaga ukimaliza.

Walisimama! Kaskazi ikaja saa tatu na nusu kama kawaida, nikawaona wanapanda wimbi na kushuka, pua kwenye upepo, hakuna aliyepinduka. Na wanatikisika. Bata mgumu wa plastiki hukaa kama gogo upepo ukiwa mdogo, lakini hawa wepesi hata umande unawasogeza, wanayumba, wanageuka kidogo, wanarudi. Wepesi ulioniudhi safari ya kwanza ndio uliokuwa mali safari hii, mradi tu uzito uwe chini.

Mng'aro nimeupunguza kwa soksi kuukuu za kahawia, nimekata, nimemvalisha kila mmoja mwili, kichwa kiko nje. Kitambaa kikiloa kinakuwa giza na hakimeti.

Kamba nimeacha ule mshipi wa nailoni kwa sababu naogopa mguu wa ndege. Nimetumia katani. Inakunywa maji inazama, haielei juu, na hata ikikatika itaoza. Kasoro yake ni kwamba ikilowa mafundo hayafunguki, nilikata matatu kwa kisu.

Niliwapanga kwa umbo la ndoana, mpini mrefu kufuata ukingo na mpindo kuingia majini, katikati nimeacha wazi kwa mita kumi. Bata anatua akikabili upepo kama ndege za abiria pale uwanja wa Moi, anahitaji njia. Ukijaza nafasi yote bata bandia hana pa kutua.

Matokeo: vibata vitano vya nyusi nyeupe vilishuka ndani ya ule uwazi saa kumi na mbili na nusu. Mita 28. Walikaa dakika arobaini wakichovya. Nina picha ya dume amegeuza kichwa, tone la maji liko kwenye ncha ya mdomo. Nimeiweka chini, iangalieni kwa ukubwa kamili.

Wa uso mweupe: hata mmoja hakuja. Walisimama ng'ambo wakatuangalia asubuhi nzima. BintiKisauni, umeshinda kabla sijajaribu.

---

Mpare_wa_Mwanga
Jumapili, saa 3:48 usiku

Shikamooni wakubwa, na mkuu LenziYaMvita hongera, hiyo picha imenyooka. Mimi niko upande wa Tanzania, karibu na Ziwa Jipe. Huku kwetu uwindaji wa ndege kwa leseni upo, na wazee wanaowajua bata niliwaonyesha uzi wako. Wamesema mambo mawili. La kwanza, bata bandia wachache wenye kutikisika ni bora kuliko wengi waliosimama kimya. La pili, usiwaache eneo moja kila wiki. Bata akishatua akagundua, au akikuona unatoka kibandani, anakumbuka pale. Hamisha.

Swali langu: kwa nini unawajaza kwa mdomo? Huna pampu ya mguu?

---

LenziYaMvita
Jumapili, saa 4:10 usiku

Marahaba na asante. Pampu ninayo sasa, ya baiskeli, ndogo, nimefunga mrija wa plastiki mwishoni. Hewa ya pampu si ya moto kama pumzi, kwa hiyo wakitiwa majini hawanywei sana. Najaza kama Fundi alivyosema, kidole kinazama nusu. Tangu hapo sijapasua mwingine. Na yule aliyepasuka Fundi amemtia ukanda, hana wasiwasi.

Wazo la kuhamisha nimelichukua.

---

AmiBaharia
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Nimeiona ile tone ya maji. Mashallah.

Safari ya ukingoni, wajaze nyasi wale wasio na kizibo. Hewa ya nini nchi kavu?

---

LenziYaMvita
Baada ya siku 20, Jumamosi, saa 1:30 usiku

Nimefika nyumbani saa kumi, nimeoga, nimekula, nimelala kidogo, sasa naandika kabla sijasahau hata kidogo.

Safari hii niliwabeba saba tu. Wanne wasio na kizibo na watatu wa kizibo. Nilikata vijiti vya mvinje vya urefu wa mkono, nikachonga ncha. Ami, nilifanya ulivyosema: wale wanne niliwajaza nyasi kavu za palepale mpaka wakajaa vizuri, nikapitisha kijiti kwenye lile tundu la chini, nikawachomeka kwenye tope wakiwa wamesimama. Watatu wa kizibo nikawafunga kwenye vijiti kwa mikanda ya mpira. Nyuso nikazipaka chokaa iliyochanganywa na gundi ya karatasi, na nyuma ya shingo masizi ya sufuria. Rangi yenyewe ni ya siku moja, mvua moja inaiosha, lakini ni nyeupe isiyometa, na ikiingia majini haidhuru kitu.

Shingo zilikuwa fupi. Bata wa uso mweupe ana shingo ndefu na husimama wima. Kwa hiyo sikuwalaza kama wanavyolala wakielea, niliwainamisha nyuma, kifua juu, kijiti kimeegemea. Nikawabananisha hatua moja moja, wote nyuso kwenye upepo, kwenye ukingo wa kusini ambako BintiKisauni aliniambia niangalie vinyesi na manyoya. Kweli nilivikuta. Ndiyo sehemu yao.

Yule mtoto wa mbuzi alikuja tena, na safari hii nilimkaribisha ndani ya kibanda. Anaitwa jina ambalo silitaji hapa. Sijui kupiga mluzi wa bata, nimejaribu wiki tatu. Yeye anajua. Kundi lilipopita juu saa moja na dakika kumi, wakipiga ule mluzi wao wa sauti tatu, ya mwisho ikishuka, yeye akaweka vidole viwili mdomoni akaurudisha, mara mbili tu, kisha akanyamaza. Nilitaka aendelee, akanikataza kwa mkono.

Walizunguka mara moja. Walipogeuka kuja upepo ukiwa usoni, miguu ikashuka, mbawa zikasimama, nikasikia hewa ikipita kwenye manyoya yao kama kanga inayokung'utwa. Ishirini na tatu. Walitua majini karibu na ukingo, mita 30, wakaangalia. Wale wa nyasi walikuwa wanatikisika kidogo kwa upepo, kijiti cha mvinje kina unyumbufu. Dakika nane hakuna aliyesogea. Kisha mmoja akatoka majini akapanda topeni, akajikung'uta, akatembea mpaka kati ya bata wangu wawili. Akasimama pale. Akaanza kuchambua manyoya ya kifua. Wengine wakafuata mmoja mmoja.

Mita 22. Nimepiga picha 340 na nimefuta nyingi. Zile nne nilizoweka hapa hazijakatwa popote. Kwenye ya tatu utaona bata hai amelala, mdomo ndani ya manyoya ya mgongo, na nyuma yake ni bata wa nyasi mwenye uso wa chokaa. Tazameni jicho lake, lile la kweli: kope imepanda kutoka chini, nusu imefunga.

Walikaa mpaka saa tatu na robo. Waliondoka wenyewe, ng'ombe walipokuja kunywa. Sisi hatukutoka kibandani mpaka wamepotea.

---

BintiKisauni
Jumamosi, saa 2:05 usiku

Nimelia kidogo, sikufichi. Ile kope.

Naomba jambo. Kuna lambo jingine upande wa Kwale tunalotaka kulijumuisha kwenye hesabu, na tatizo ni kwamba bata wanajificha kwenye matete, hatujui ni wangapi. Sitaki kuwaita wakati wa hesabu yenyewe, maana nitakuwa nimeivuruga. Ila siku nyingine, nikae nione aina zipi zipo. Unaweza kuniazima hao wanne wa nyasi?

---

FundiMatyubu
Jumamosi, saa 2:30 usiku

Mkiwapeleka Kwale leteni kwanza kwangu, ile pete ya huyo wa kushoto kwenye picha ya pili naona inaachia. Bure.

---

LenziYaMvita
Jumamosi, saa 2:41 usiku

@BintiKisauni dada, wachukue wote saba. Vijiti ukate vipya huko, vya zamani nimewaachia wenye shamba wafanye kuni. Nyasi usibebe kutoka Mariakani, tumia za palepale, rangi zinafanana na ukingo wao. Na yule mtoto nimemuuliza kama angependa kwenda Kwale siku ya Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa. Mama yake amekubali, mradi arudi kabla ya magharibi, na nauli ni juu yangu.

@FundiMatyubu nipo kwako kesho baada ya adhuhuri.